Koti la Baba Lilipobeba Trei ya Chai

Nina miaka kumi na minane na nimestaafu. Msicheke kwanza. Nimeshona nguo za nyumba hii tangu darasa la sita, na mwezi ujao naenda kuanza kidato cha tano katika mkoa ambao hata mvua yake siijui. Cherehani haipandi basi. Inabaki hapa Lufingo, chini ya dirisha la sebuleni, na nyinyi ndio mtakaoikanyaga: wewe Atupele mdogo wangu, na wale wenzako wa kwaya ya watoto mnaokuja kila Jumamosi kuangalia na kugusa vitu mlivyokatazwa kugusa.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Mnanijua. Mgeni akipiga hodi mimi nakumbuka ghafla kwamba kuna kuni za kupanga jikoni. Mwalimu akiuliza swali nalijua jibu na nalimeza. Daftari ndilo limekuwa likinisikiliza miaka yote hii, basi hizi kurasa chache nimezichana humo ziwe zenu.

Jambo moja nalisema kwa kiburi: sisi hatununui kitambaa. Watu wanadhani ni kwa sababu ya shida. Shida ilikuwepo, sikatai, lakini hata siku ambazo haikuwepo hatukununua, kwa sababu nyumba imejaa nguo ambazo hazijui kwamba ni nguo. Kuna shuka lililochakaa katikati na pembeni bado ni zima. Kuna vitenge vya sare za harusi ambavyo mama alivaa siku moja tu, na bibi harusi mwenyewe sasa ana watoto watatu. Kuna pazia.

Najua mnaangalia video kwenye simu ya mama mkiipata. Wale mafundi wa kwenye simu ni wazuri, nami nimejifunza kwao kuweka zipu isiyoonekana. Lakini wao wanaanza na kitambaa kipya kilicholala mezani kimenyooka kama maji ya ndoo. Kitambaa chetu sisi kimeshawahi kuwa kitu kingine. Kina mikunjo yake, kina madoa yake, kina mahali palipolika kwa sababu mtu alikalia hapo miaka minne. Kwa hiyo kabla hujagusa mkasi, kishike kwa mikono miwili, kisimamishe mbele ya dirisha mchana. Mwanga ukipita sana mahali, hapo pamechoka. Usipaweke kwenye kiwiko wala kwenye makalio. Paweke kifuani, kifua hakifanyi kazi yoyote.

Hilo nililijua baada ya nguo kunichanikia mara mbili mbele za watu. Sitawaambia ni watu gani.

Nguo yangu ya kwanza ilikuwa blauzi ya kitenge chenye majogoo. Nilikata mbele na mgongoni vizuri, mabega yakakaa, nikajisifu peke yangu. Nilipoivaa kwenda dukani, msichana mmoja wa darasa letu akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama majogoo yangu nayapeleka gulioni. Nikajiangalia. Nilikuwa nimegeuza kitenge. Majogoo yote kifuani mwangu yalikuwa miguu juu, kichwa chini, vilevile watu wanavyobeba kuku kwenda kuuza. Nilirudi nyumbani kwa njia ya migombani. Lakini blauzi nikaendelea kuivaa, maana sikuwa na nyingine, na kufika mwisho wa muhula watu walikuwa wamezoea kuku wangu.

Kosa lingine ni la watu wa huku tu. Sidhani fundi wa Dodoma angeweza kulifanya. Ilikuwa ile miezi ambayo jua la huku kwetu Rungwe ni habari ya kusimuliwa. Nilifua shuka, likakaa kwenye kamba siku nne, bado linatoa ubaridi. Nikalianika jikoni juu ya moto, likanuka moshi, nikaligusa nikaona limekauka. Halikuwa limekauka. Nikapima, nikakata gauni la mama, nikashona, nikapiga pasi ya mkaa, na mbele ya macho yangu gauni likaanza kurudi nyuma kama mtu aliyekumbuka kitu. Mama akalivaa, likamfika magotini. Mama hajawahi kuvaa nguo ya magotini tangu aolewe. Akasema ni zuri, atalalia. Tangu siku hiyo kitambaa nakiweka shavuni kabla ya kukipima. Mkono unadanganywa na baridi. Shavu halidanganyiki.

Kutaniwa kulikuwepo, tena kwingi. Nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa na sketi ya pazia, yale maua ya bluu mnayoyajua, na Jumapili moja vijana wa kwaya wakaanza kunipigia hodi. Kweli, mmoja akagonga hewani, "Hodi, wenye dirisha mpo?" Niliinama nikapita. Nilipofika nyumbani niliandika majibu saba mazuri kwenye daftari, na hakuna hata moja lililowahi kutoka mdomoni.

Sasa niwaambie habari ya koti. Atupele ulikuwa mdogo, wakubwa wakikaa ulitumwa nje, na watu wamekusimulia nusunusu.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikuwa na koti moja refu, zito, la rangi ya majivu, la mtumba lakini la aina ambayo hata mtumba hauleti tena. Alilivaa miaka yote akienda na kurudi. Alipoondoka, koti likabaki limening'inia nyuma ya mlango wa sebuleni. Kila mlango ulipofunguliwa lilisogea kidogo. Mama akirudi kutoka kuchuma chai alikuwa anaufungua mlango ule taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

Kwetu, nguo za marehemu zina utaratibu. Ukoo unakaa, nguo zinatolewa, zinagawiwa, na koti kama lile linakwenda kwa ndugu yake wa kiume. Mimi hilo nililijua. Sitaki kusema sikujua. Lakini kikao kilikuwa kimeahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua na mara moja kwa sababu ya msiba mwingine, na nilikuwa nimejiambia kwamba wamesahau. Ukweli wenyewe ni kwamba nililikata kwa sababu nilichoka kulikuta nyuma ya mlango bila mtu ndani.

Nililikata Jumamosi asubuhi. Nikalitenganisha juu na chini kwa kukata chini ya kwapa, nikafungua mikono kwenye mshono wake, nikapata pande sita za sketi: mbili za mgongo, mbili za mbele, na mikono miwili niliyoichonga iwe myembamba juu na mipana chini. Kiunoni nikaweka kifungo kikubwa cha koti lenyewe, kile kilichoungua pembeni siku baba alipoinama kuchochea jiko. Ilikuwa kazi safi. Mpaka leo nasema ilikuwa kazi safi.

Mama alirudi akaufungua mlango taratibu kama kawaida, akakuta mlango mtupu. Akanitazama mimi, akatazama mezani. Akauliza kama na mikono nimeikata. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye stuli bila kuvua kanga ya kichwani iliyolowa.

"Basi malizia," akasema. "Koti nusu halimfai mtu."

Wiki mbili baadaye ukoo ukaja, bila kuahirisha.

Alikuja babu mwenyekiti wa ukoo, alikuja Baba mdogo Ambakisye kutoka Masukulu, mtu ambaye hazungumzi zaidi yangu, na alikuja Shangazi kutoka Mpuguso. Shangazi mnamfahamu. Shangazi ndiye aliyemlea baba walipofiwa na mama yao, na naliandika hilo mapema ili msimwone mbaya kabla ya wakati. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, ugonile, ndaga, wakakaa. Mama akatoa nguo moja moja: mashati, suruali, sweta, kofia. Mimi nikaingia na trei ya chai.

Shangazi akauliza koti liko wapi.

Koti ndilo lililokuwa limebeba trei. Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimevaa ile sketi kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi na ndiyo nguo nzito pekee niliyokuwa nayo. Nilisimama pale na trei yangu, na Shangazi akashuka na macho taratibu mpaka kiunoni kwangu, kwenye kile kifungo kilichoungua.

"Umemvua kaka yangu," akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Mama akasema haraka kwamba ni yeye aliyenituma. Nikaona anavyolitamka, na nikaona wanavyomtazama, mjane aliyekata koti la mume kabla ya ukoo kukaa, na nikajua hilo lingemfuata mpaka sokoni, mpaka kanisani, mpaka kaburini kwake. Nikaweka trei chini, sakafuni, sijui kwa nini sakafuni.

"Mama anasema uongo," nikasema. "Nimekata mwenyewe. Hakuwepo."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kuwahi kusema mbele ya ukoo, na yalikuwa ya kumwita mama yangu mwongo. Haya.

Wakaongea sana, sehemu kubwa kwa Kinyakyusa cha haraka. Mwisho ukawa hivi: koti lilikuwa la Baba mdogo kwa haki. Kwa kuwa halipo, achukue kitu kingine cha marehemu chenye uzito. Shangazi akasema cherehani. Baba ndiye aliyeinunua, kwa hiyo ni mali ya baba, iende Masukulu, mke wa Baba mdogo ajifunzie. Mama akasema cherehani alinunuliwa yeye, akaulizwa nani shahidi, na shahidi alikuwa amelala pale nyuma ya migomba.

Nikasema nitalirudisha koti.

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Rudisha. Si fundi wewe?" Babu mwenyekiti, nadhani alitaka tu kunywa chai, akasema vema, wakirudi Jumapili ya tatu koti liwepo, na lisipokuwepo cherehani inapakiwa.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda Tukuyu mjini kwa Fundi Hamza. Nyinyi mnamjua akiwa amekwisha kuacha kazi. Wakati ule bado alikuwa na cherehani yake kwenye baraza karibu na soko. Babu yake alitoka pwani na sindano mfukoni, kama yeye mwenyewe alivyopenda kusema. Ndiye aliyenifundisha kuchora kipimo kwenye karatasi la mfuko wa sementi, tangu nikiwa nasimama mbele ya baraza lake najifanya nasubiri mvua ikatike. Sikuwahi kumwomba anifundishe. Siku moja alisogeza kigoda kwa mguu, basi.

Nikamtandikia sketi mezani. Akaigeuza nje ndani. Akauliza swali moja tu, vilivyobaki viko wapi.

Nikamwonyesha mfuko niliovibebea kutoka nyumbani. Wadogo zangu, hapa ndipo mnisikie vizuri. Kila kipande nilichokikata katika maisha yangu kimekaa kwenye ile ndoo ya rangi yenye mfuniko, hata cha upana wa kidole. Mabega ya koti yalikuwa humo na kola yake, bitana ya ndani ilikuwa humo, na vipande vyembamba vya mikono vilikuwa humo, vimekunjwa. Fundi Hamza akavipanga kuzunguka sketi kama mtu anayepanga mifupa ya samaki.

"Hujalikata," akasema. "Umelifungua tu. Mwenye kukata ni yule anayetupa."

Nikamwomba anishonee. Akakataa. Akasema akishona yeye, ukoo utauliza kwa nini cherehani isiende kwake. Lakini kila siku baada ya shule nilipita na kazi ya jana, naye akaniambia wapi nimekosea, bila kunihurumia. Alinilazimisha kupiga bandi kila mahali, yaani ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu kabla ya cherehani. Nikaona anachelewesha. Nikaruka bandi kwenye mikono, nikashona moja kwa moja, na nilipolivaa koti mbele ya kioo viganja vyangu vilitazama nyuma. Nilikuwa nimeweka mkono wa kulia kushoto. Nilifanana na mtu aliyekamatwa. Nikafumua. Kufumua kitambaa kizito bila kukitoboa ni nusu siku, na nilikuwa nimebakiwa na siku sita.

Halafu mikono haikutosha. Nilikuwa nimeichonga sana, na vipande vyembamba vingine vilikuwa vimechanika nilipofumua. Palikosekana upana wa viganja viwili kila upande, kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Hakuna kitambaa cha rangi ya majivu katika nyumba yetu. Mama akaleta kipande cha sketi yake nyeusi, akasema kwa mbali hakitaonekana.

Nikafikiri usiku mzima juu ya lile neno, hakitaonekana. Kuna kosa lilikuwa limefanyika na lilikuwa langu na nilikuwa nimeshalisema mbele ya watu. Sikutaka tena kulificha kwapani. Asubuhi nikashusha upande mmoja wa pazia la sebuleni, la maua ya bluu, ndugu wa ile sketi iliyopigiwa hodi, nikakata vipande viwili virefu, nikaviingiza mikononi. Kwenye mshono wa kifuani, pale nilipounganisha juu na chini, nikazungusha ukanda wa pazia hilohilo. Fundi Hamza akalitazama, akaninyooshea chaki mpya kutoka kwenye kopo lake. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Jumapili ya tatu ilinyesha. Walifika wamelowa. Koti lilikuwa nyuma ya mlango, mahali pake, na walipoingia likasogea.

Baba mdogo alilitoa mwenyewe kwenye msumari. Akalivaa. Akafunga vifungo, hata kile kilichoungua, akakunja mikono, akainua mmoja juu kama anafikia mkungu wa ndizi. Maua yakafunguka chini ya kwapa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na cherehani, mkono juu ya gurudumu, na ndani yangu nilikuwa nimeamua kwamba wakiibeba nitakaa juu yake waibebe na mimi.

Shangazi akalizunguka koti zima. Akagusa mshono wa kifuani.

"Hili si koti la kaka," akasema, bila kuondoa mkono.

Baba mdogo akajitazama mikono. "Kaka hakuwahi kuwa na koti la maua," akasema. "Hili ni langu."

Halafu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Akamgeukia babu mwenyekiti, akasema kwapani linabana kidogo, na likibana leo litachanika kesho, na likichanika atalipeleka kwa nani, maana hakuna fundi Masukulu anayelijua ndani koti hili. Cherehani ikae karibu na mtu anayelijua. Akakaa na koti lake, akanywa chai.

Ndivyo cherehani ilivyobaki. Haikubaki kwa huruma ya mtu. Shangazi hajanisamehe, niwe mkweli. Akinisalimia ananitazama kiunoni kwanza. Simlaumu. Alikuja kuchukua kaka yake akapewa pazia. Lakini siombi radhi kwa ajili ya koti, na hilo nalo mlijue.

Wiki iliyofuata nilivaa sketi yangu ya dirisha kanisani. Yule kijana akagonga tena hewani, hodi. Nikasimama. Yale majibu saba yote yakanipotea. Nikasema, "Karibu." Basi. Akashusha mkono, maana mtu akikaribishwa inabidi aingie, na hakukuwa na pa kuingia. Hodi hiyo sikuisikia tena.

Watakucheka, Atupele. Watasema umevaa shuka. Ni kweli ni shuka. Usiwaambie ni kitambaa cha dukani, wala usikivae kama umekiazima.

Sasa la mwisho. Wiki iliyopita, ukiwa umekaa pale mlangoni na ubuyu wako, Baba mdogo alikuja na koti. Kiwiko cha kulia kimetoboka. Akanipa mimi. Nikakupa wewe, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mbali na nikaikalia mikono yangu, kweli niliikalia, maana ilikuwa inawasha. Mama alikuletea kile kipande cheusi cha sketi yake, kilekile, amekitunza miaka yote. Ukakishika mbele ya dirisha. Ukakiweka shavuni. Kisha ukakirudisha kwa adabu, ukafungua ndoo, ukachimba mpaka chini, ukatoa pazia, ukaliweka kiraka juu ya kiwiko, upande wa nje, maua yakiwa wima.

Hukunitazama hata mara moja. Nikainuka nikaenda kupanga nguo zangu za safari.